UZI: Kikundi chetu cha Linux hapa Tanga, na kwa nini tunang'ang'ania Jumamosi ileile kila mwezi

Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu, wakubwa zangu shikamooni. Naona humu kila siku mtu anauliza laptopu yangu ya zamani imekuwa nzito nifanyeje, Windows 10 haipati tena apdeti nifanyeje, na majibu ni yaleyale, nunua mpya au mpelekee fundi akupigie windows upya. Ngoja nieleze tunachofanya sie hapa Tanga mjini. Tuna kikundi cha watumiaji wa Linux, yani mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya windows, tunakutana Ngamiani kila Jumamosi ya pili ya mwezi kuanzia saa nane mchana, Alasiri tunasimama wa kuswali wanaswali, tunarudi tunamalizia mpaka saa kumi na moja na nusu hivi. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie.

Nianzie mbali kidogo. Linux niliiona mara ya kwanza kwenye CD ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, zile zilizokuwa zinatumwa bure kwa posta, unaomba mtandaoni halafu unangojea wiki kadhaa bahasha ikufikie kwenye sanduku, huduma ile walikuja kuifunga 2011. Shemeji yangu alikuwa nazo mbili akanipa moja. Nikaipiga kwenye dekstopu ya nyumbani, ikawaka vizuri, rangi ya udongo ile, nikafurahi mno. Sasa modemu ya intaneti ikagoma. Nikauliza fundi wa kwanza akasema hiyo kitu hapa kwetu haifai, wa pili hivohivo, na bila modemu sikuwa na pa kusoma. Wiki ya pili nikarudi kwenye windows ya kreki na nikakaa huko miaka.

Nimewasimulia hilo kwa sababu ndo jambo lenyewe. Ile programu haikuwa na ubaya wowote na modemu ile nimekuja kujua baadae ilikuwa inataka kifurushi kimoja kidogo tu cha programu, usb-modeswitch, dakika tano kazi imeisha. Nilichokosa ni mtu wa kumuendea. Watu wengi sana wamejaribu Linux hapa nchini wakaiacha, ukiwauliza utakuta wote waliachia palepale, kitu kimoja kimegoma na hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo tulipopatana wanne tulioshikamana na hii kitu, tulikuwa tunanywa kahawa baraza moja ndo tukajuana, tukaanza kukutana. Mwanzoni tulisema tutakutana siku tukipata nafasi. Ikafa ndani ya miezi miwili. Mara huyu yuko Pangani, mara yule ana harusi, mara mwingine anasema tungoje tuwe wengi. Ndipo mmoja wetu, dada mmoja mwalimu, akasema jamani tuache kuulizana, tuweke Jumamosi ya pili, anayekuja aje, asiyekuja tutaonana mwezi ujao, na hata akija mmoja akae afungue mlango. Toka siku ile hatujaruka.

Kuna mwezi wa masika mvua ilinyesha toka alfajiri, njia imejaa maji, tukafika wawili. Tukakaa. Kwenye saa tisa akaja kijana kalowa chapachapa, katembea kwa mguu kutoka Makorora, laptopu kaifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni. Alikuwa kaifomati mwenyewe haiwaki, na ndani mlikuwa na kazi yake ya chuo. Akasema niliambiwa Jumamosi ya pili mpo. Tukaiwasha kwa flashi ya Linux bila kuisakinisha, tukaikuta ile patisheni ya pili, yani sehemu ya pili ya diski, haijaguswa, kazi yake yote imo, tukamkopia kwenye flashi nyingine. Wakuu, tungekuwa tumeahirisha kwa sababu ya mvua yule kijana angekuta kufuli. Saivi yeye ndo anakaa meza ya draiva, zile programu za kufanya vifaa vya mashine vikubali, mashine ikigoma Wi-Fi tunampelekea yeye.

Mdau wa Muheza

Mkuu hongereni sana. Swali langu, mie nina HP ya zamani RAM 4GB, niliambiwa haiwezi kupanda Windows 11. Hiyo Linux itaibeba kweli au nitapoteza nauli?

Mleta uzi

Itaibeba kaka, njoo. Windows 11 inataka RAM 4GB na diski 64GB, hapo wengi wanapita, kinachowakwamisha ni kile kidude cha usalama TPM 2.0 pamoja na orodha ya prosesa, za Intel kwa jumla inaanzia kizazi cha 8, na laptopu nyingi za mtumba hapa mjini ni kizazi cha 3, cha 4, cha 5. Mashine nzima kabisa lakini imekataliwa mlangoni. Na Windows 10 iliisha kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kuna nyongeza ya usalama kwa anayejiandikisha mpaka Oktoba 2026, baada ya hapo mtumiaji wa kawaida hana kitu.

Kwa mashine kama yako tunapenda kuwawekea Linux Mint ya Xfce, aina ya Linux yenye muonekano mwepesi. Inakubali kuanzia RAM 2GB lakini nisikudanganye, 4GB ndo unapumua. Kiukweli sio Linux inayokula RAM siku hizi, ni kivinjari, ukifungua tovuti kumi na tano kwa mpigo utaiona inahema. Ikiwa diski ni ile ya kuzunguka basi dawa ni kuiweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, hapo hata wewe utashangaa.

Kabla hujaja: kopi vitu vyako vyote kwenye diski nyingine. Vyote. Picha za harusi, vyeti, kila kitu. Kwenye kikundi hatugusi mashine ya mtu ambaye hana bakapu, hata akibembeleza vipi. Na kama windows yako ina BitLocker, kile kifungio cha diski, angalia mapema, uizime au uwe na ule ufunguo wake, maana ukibadili mambo ya kuwashia mashine inaweza kukuomba namba ndefu ambayo huna.

Fundi wa Makorora

Mie naomba niseme ukweli japo nitachukiwa. Sie mafundi tunakula kwa kupiga windows. Nyie mkikaa mnawapigia watu bure kila mwezi mnatuua. Halafu mteja anakuja kwangu na hiyo Linux yenu imegoma printa, mie siijui, ananiona sijui kazi.

Mleta uzi

Fundi wangu sikuchukii hata kidogo, umesema jambo ambalo tulilizungumza sana na likatufanya tubadili taratibu, kwa hiyo ngoja nikujibu vizuri.

Kwanza sie hatumpigii mtu. Kanuni yetu ya kwanza ni kwamba mwenye mashine ndiye anayeshika kibodi. Sie tunakaa pembeni tunamuelekeza, bonyeza hapa, soma inachosema hapo, umeelewa? Asiyetaka kujifunza, anayetaka aache laptopu aje jioni aichukue, huyo tunamwambia kaka nenda kwa fundi ukamlipe. Mwanzo tulikuwa tunawafanyia watu, tukawa kama karakana ya bure, mtu anakuja mara moja anaondoka, mwezi ujao anarudi na tatizo lilelile. Wahenga wa hapa walisema Tanga waja leo waondoka leo, lakini sie tulitaka watu wa kubaki.

Pili hatufungui mashine kwa bisibisi. Mtu akihitaji SSD, RAM, betri, feni imejaa vumbi, kibodi imekufa, tunamtuma kwenu, na kila mwezi wapo. Hiyo kazi ni yako na ina faida kuliko kupiga windows.

Tatu, na hili naomba mafundi wote mlisikie, Linux kuwa bure haina maana kazi yako iwe bure. Leseni yake ya GPL, ile ya programu huria, inakuruhusu kabisa kutoza hela. Linus Torvalds alipoitoa 1991 kule Helsinki leseni yake ya mwanzo ilikuwa inakataza kuiuza, 1992 ndo akaiweka kwenye GPL, na toka hapo watu wakaweza kuiuza kwenye CD na kufanya biashara juu yake. Wewe mtoze mteja wa Linux kama unavyomtoza wa windows, umemsakinishia, umemuelekeza, umemuwekea printa, ni jasho lako. Na hutakuwa unampa kreki iliyokuja na virusi ndani.

Njoo Jumamosi moja na hiyo printa iliyokushinda. Printa nyingi za HP zinakubali kwa kifurushi cha hplip, kuna za kampuni nyingine zinahitaji draiva ya kutafuta, na chache hazikubali kabisa, tunaandika zote.

Bi Stesheneri

Asalaam aleikum. Mie ni mwanakikundi, nina duka la stesheneri, naongezea kwa upande wangu maana kaka hapo juu kaongea ya mafundi.

Wanafunzi wanakuja kuprinti na flashi zao na flashi za hapa mjini mnazijua, zimejaa virusi vya shotikati. Unafungua unakuta faili zote zimegeuka shotikati, mtoto analia kazi yake imepotea na ni siku ya kukusanya. Mashine yangu ya dukani ilikuwa inaambukizwa kila wiki, ikishaambukizwa inaambukiza flashi ya mteja anayefuata, nikawa napigiwa windows upya kila mara na kila mara nalipa.

Kwenye kikundi wakanionesha kitu. Ukichomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux, ile shotikati ya virusi haiwezi kujiendesha maana imeandikwa kwa windows, na folda ambayo virusi vimeificha inaonekana waziwazi, mara nyingi haina jina, unaifungua faili zote zimo. Namkopia mtoto faili zake, namsafishia flashi, anaondoka anacheka. Saivi watu wananiletea flashi makusudi, wanasema mpelekee yule mama.

Shida niliyoipata ni moja, barua za Word zilikuwa zikifunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, mistari inahama, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na nusu. Yule dada mwalimu akaniambia ni fonti, watu wanaandika kwa Calibri na Cambria ambazo Linux haina. Tukaweka Carlito na Caladea, zimetengenezwa zikiwa na upana uleule wa herufi, mistari ikarudi mahali pake. Si zote, nyaraka zenye majedwali ya ajabu ajabu bado namwambia mteja niletee PDF. Lakini kazi inaenda.

Mleta uzi

Shukrani Bi mkubwa. Huyu mama alikuja mara ya kwanza akasema mie sijasoma kompyuta nimejifunza dukani, na yeye ndo katufundisha wote hayo ya flashi.

Mkongwe wa Chumbageni

Vijana nimefurahi kusoma. Mie nakumbuka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux walitoa kwa Kiswahili OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, wakaiita Jambo OpenOffice. Tulidhani ndani ya miaka mitano maofisi yote yatakuwa yanaandikia hiyo. Mnadhani kwa nini haikushika? Na kwa nini hamkutanii pale maktaba ya King George, pana utulivu?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Maktaba ni pazuri lakini sie tuna kelele, mashine kumi zinawashwa, watu wanaitana, tutawasumbua wasomaji. Tulianzia barazani, umeme tunavuta kwa ekstensheni toka kwa fundi cherehani, ukikatika tunaendelea na betri mpaka ziishe, halafu tunabaki na kahawa na kashata na maneno. Saivi tuna chumba cha tuisheni ambacho Jumamosi mchana hakitumiki, tunachangia buku moja moja ya umeme na kahawa, asiyenayo anakaa vilevile.

Hilo la Jambo OpenOffice mzee ni swali zito. Kazi ile ilikuwa kubwa, kutafuta maneno ya Kiswahili ya vitu ambavyo havikuwa na majina. Mawazo yangu ni kwamba programu ilitafsiriwa lakini mitaani hapakuwa na mtu wa kukaa nayo. Mtu wa Tanga mwaka ule angeipata wapi, na ikigoma amuulize nani? Sie kwenye vikao tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho, hata amri za teminali, lile dirisha la kuandikia amri, tunazieleza kwa Kiswahili, kwamba ls ni orodhesha, cp ni kopi, sudo ni kama kuomba ruhusa ya mwenye nyumba. Mtu akishaelewa maana hasumbuliwi na herufi.

Mdau wa Muheza

Na bando je mkuu? Maana hiyo Mint nimeona faili lake karibu GB 3, na baada ya hapo ina apdeti. Kwa bando zetu hizi?

Mleta uzi

Hili ndo eneo ninalolipenda kuliko yote kwa hiyo mnisamehe nitarefusha.

Vikundi vya namna hii huko Ulaya na Marekani vilipoanza miaka ya 90 sababu mojawapo ilikuwa hiihii ya kwetu. Intaneti ilikuwa ya simu ya mezani, polepole na kwa dakika, na Slackware ya 1993, moja ya Linux za mwanzo, ilikuwa inajaa kwenye rundo la diski za flopi. Mmoja alikuwa anashusha, wengine wanakuja na flopi zao tupu wanakopi. Kwa hiyo sie na bando zetu tunafanya kitu ambacho kilianza hivohivo.

Mwenzetu mmoja mwenye intaneti nzuri kazini kwake, kwa ruhusa ya mkubwa wake, anashusha ISO usiku, yani lile faili zima la kusakinishia Linux. Tunaihakiki kwa sha256sum, yani unalinganisha ile namba ndefu na iliyoandikwa kwenye tovuti yao, ikitofautiana hata herufi moja tunaitupa, tumeshawahi kupoteza kikao kizima kwa ISO iliyoharibika. Kisha tunaiweka kwenye flashi yenye Ventoy, hiyo unakopi ISO kadhaa kwenye flashi moja, Mint, Debian, Lubuntu, ukiwasha inakuuliza unataka ipi.

Upande wa apdeti tuna dekstopu moja nzee imekaa kona ya chumba, haina hata skrini, ndani tumeweka apt-cacher-ng. Inafanya hivi, mtu wa kwanza akiomba kifurushi inakishusha kutoka intaneti na kukihifadhi, wa pili akiomba kilekile anapewa kutoka palepale, bando haliguswi. Laptopu mpya ya Mint ikisakinishwa inataka mamia ya megabaiti ya apdeti, mashine nane zingemaliza bando la mwezi, lakini ikishapita moja hizo saba zinachota kwa ruta yetu ndogo. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza na kuona mashine ya tatu inamaliza apdeti kwa dakika chache bila intaneti kusogea, chumba kizima kilipiga makofi. Mie nilitokwa na machozi wallahi, nilikumbuka ile modemu.

Na tuna kaunta buku. Kila mashine iliyopita mezani imeandikwa mle, aina, RAM, Wi-Fi yake ni chipu gani, nini kiligoma, nani kaitatua na kwa amri gani. Kwa mfano laptopu zenye chipu za Broadcom mara nyingi zikishasakinishwa Wi-Fi haionekani. Dawa iliyoandikwa mle: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa waya, mashine itaiona simu kama vile kebo ya mtandao, fungua sehemu ya draiva, itakupendekezea ya Broadcom, kubali, iwashe upya. Mtu wa kwanza alitesekea hilo vikao viwili. Sasa hivi anayekuja nalo tunamfungulia ukurasa, anasoma mwenyewe, robo saa kamaliza.

Fundi wa Makorora

Hiyo ya apt nimeielewa. Sasa mtu wa QuickBooks, ile ya uhasibu, na wa magemu mnamwambiaje?

Mleta uzi

Tunamwambia ukweli fundi. Kama mkate wako unategemea programu moja ya windows, usiihame. Ukitaka weka zote mbili, windows kwake na Linux kwake, ukiwasha unachagua. Kuna Wine inayojaribu kuendesha programu za windows, zingine zinakubali, za uhasibu na za kuchora ramani za nyumba mie sikushauri uitegemee. Mhasibu mmoja alikuja akataka kuhama yote siku hiyohiyo kwa sababu kachoka na virusi, tukakataa, tukamwekea zote mbili. Bado anakuja vikao.

Bi Stesheneri

Na wasichana wanaosoma hapa msiogope, tupo. Sijawahi kuchekwa pale kwa kuuliza kitu.

Mleta uzi

Kweli kabisa Bi, na anayemcheka mgeni tunamtoa nje akapunge upepo kwanza, mgeni akivunjwa moyo siku ya kwanza harudi.

Jumamosi ijayo basi. Nusu saa ya mwanzo mtu mmoja anaonesha kitu kimoja tu, zamu hii ni yule kijana aliyekuja na mvua, ataonesha namna ya kukagua afya ya diski kwa smartctl kabla haijakufa na vitu vyako. Halafu meza zinafunguliwa. Mwezi wa 9 inshallah tutakutana mara mbili, maana Jumamosi ya tatu ya Septemba ni siku ya programu huria duniani, na mwaka huu tunataka tuweke meza nje ili wapita njia waone.

Mdau wa Muheza ukishuka stendi ya Kange chukua bajaji mpaka Ngamiani, nitakutumia inboksi sehemu yenyewe. Njoo na chaja, na bakapu iwe imeshafanyika nyumbani. Fundi, nawe beba hiyo printa pamoja na waya wake wa USB, ukurasa wake kwenye kaunta buku bado mtupu.

Fundi wa Makorora

Ni Canon. Nitakuja nayo saa nane.